Maswali ya Wasomaji: Ali wa 1966 na Tyson wa 1988, Nani Angebaki Amesimama?

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu safari hii zinauliza jambo lile lile kwa majina tofauti: bingwa fulani wa ngumi za uzito wa juu angemfanya nini bingwa mwingine ambaye hakuwahi kukutana naye, kwa kuwa mmoja alikwisha kustaafu, au hata kufariki, kabla mwenzake hajavaa glovu. Nimechagua sita na kuzijibu kwa urefu usiolingana, kwani maswali nayo hayakulingana.

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi na mjomba wangu hatuelewani. Yeye aliwahi kuyafuatilia mapambano ya Muhammad Ali yalipokuwa yakipiganwa, na anasema hajazaliwa bondia wa kumgusa. Mimi nimezitazama rekodi za Mike Tyson hadi nimezikariri, na ninaamini Ali asingefika raundi ya nne. Tumekubaliana kwamba jibu lako ndilo litakalotuamua. Ni mimi, Mpwa Mbishi.

JIBU: Marahaba. Nawe mfikishie mjomba shikamoo yangu, kisha mwulize swali ambalo nakuuliza na wewe: mnamzungumzia Ali yupi, na Tyson yupi? Ali aliyemmaliza Cleveland Williams katika raundi ya tatu mjini Houston, Novemba 1966, alikuwa kijana wa miaka 24 ambaye miguu yake haikutulia mahali pamoja kwa muda wa kumtosha mtu kulenga. Ali aliyeegemea kamba mbele ya George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974 alikuwa na miaka 32, mzito zaidi, na alishinda kwa akili na kwa kuvumilia vipigo. Yule ambaye Larry Holmes alimpiga mwaka 1980 mpaka wasaidizi wa kona yake wakamzuia kuendelea baada ya raundi ya 10 alikuwa amebaki na jina tu. Tyson naye ni hivyo hivyo. Aliyemwangusha Michael Spinks kwa sekunde 91 mwezi Juni 1988 si yule aliyepigwa na James Douglas mjini Tokyo mwezi Februari 1990, akiwa na wasaidizi ambao hawakuja hata na chuma cha kukandamizia uvimbe, wakaishia kutia maji ya barafu katika glovu ya mpira na kumwekea juu ya jicho. Mabishano mengi ya aina hii hayaishi kwa sababu kila mtu humleta bondia wake akiwa kijana, na bondia wa mwenzake akiwa amechoka.

Basi tuwalete wote wawili katika ubora wao: Ali wa 1966 na Tyson wa 1988, ambaye usiku ule wa Spinks alikuwa bado siku tatu kutimiza miaka 22. Ali ana urefu wa sentimita 191 na Tyson 178. Mikono ya Ali ikinyooshwa ina upana wa sentimita 198, ya Tyson 180. Hata hivyo kwenye mizani Tyson ndiye mzito, kilo 99 dhidi ya kilo 96 na ushei, na huo uzito wote umewekwa katika mwili mfupi unaotokea chini ya macho ya mpinzani. Kwa hiyo mjomba asifikirie kwamba Ali angekuwa anacheza na mtoto.

Zaidi ya hapo, Ali alikuwa na kasoro ambayo walimu wa ngumi wa zama zake waliilalamikia: alikwepa kwa kurudisha kichwa nyuma badala ya kuinama, na mkono wake wa kulia haukukaa juu kulinda shavu. Ndiyo maana ngumi ya kuzungusha ya mkono wa kushoto ilimpata mara kwa mara. Henry Cooper alimwangusha nayo mjini London mwaka 1963, na Joe Frazier akamwangusha nayo katika raundi ya 15 mwaka 1971. Ngumi hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa silaha kubwa za Tyson, naye aliirusha haraka kuliko Frazier.

Lakini Frazier huyo huyo ndiye ushahidi wangu mkubwa kwa upande wa mjomba. Kati ya wote ambao Ali alipigana nao, yeye ndiye aliyefanana zaidi na Tyson: mfupi kwa kiwango cha uzito wa juu, mwenye kuinama, mwenye kusonga mbele bila kusita. Walikutana mara tatu kwa jumla ya raundi 41, na Ali alishinda mara mbili. Tofauti ni kwamba Frazier alianza taratibu na kukolea kadiri raundi zilivyokwenda, ilhali Tyson alianza kama moto wa nyasi. James Smith na Tony Tucker, waliomkumbatia na kumchelewesha mwaka 1987, walimaliza raundi zote 12 wakiwa wamesimama, ingawa walishindwa. Nao hawakuwa na miguu ya Ali, wala kasi ya mikono yake.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo wabishani husahau, nalo ni mwamuzi. Katika pambano la pili na Frazier, Januari 1974, Ali alimshika Frazier shingoni kwa mkono wa kushoto, akamvuta chini na kumzima kila alipokaribia, na mwamuzi akaliacha lipite usiku mzima. Nikipewa mwamuzi kama huyo, ninasema Ali anashinda, pengine kwa kumsimamisha Tyson kati ya raundi ya 9 na ya 12. Nikipewa mwamuzi mkali anayekata pointi kwa kukumbatia, bado namchagua Ali, lakini kwa woga, na raundi nne za kwanza nitazitazama nikiwa nimesimama. Wakikutana mara kumi, nampa Tyson mara tatu, na zote tatu ziwe mapema.

SWALI: Mhariri, naomba unisaidie hesabu. Frazier alimshinda Ali mwaka 1971. Ken Norton alimshinda Ali mwaka 1973 na kumvunja taya. George Foreman akawaangusha Frazier na Norton, kila mmoja kwa raundi mbili tu. Kwa mantiki yoyote Foreman alikuwa bora kuliko Ali. Imekuwaje akapigwa Kinshasa? Ni mimi, Mwalimu wa Hisabati.

JIBU: Mwalimu, hesabu yako ni sahihi na ndiyo iliyowafilisi waliomwekea Foreman dau mwezi Oktoba 1974. Kabla ya usiku ule alikuwa amepigana mara 40 bila kushindwa, na 37 kati ya hizo hazikufika mwisho. Tatizo ni kwamba katika ngumi A kumshinda B, na B kumshinda C, hakumpi A haki yoyote juu ya C.

Tazama kilichotokea Kingston, Jamaika, Januari 1973. Frazier alijua njia moja tu ya kupigana, yaani kuinama na kuingia, na Foreman alikuwa na mikono mirefu yenye nguvu ya kumsukuma mabegani hadi kwenye umbali anaoutaka, kisha kumpandishia ngumi kutoka chini. Frazier alianguka mara sita. Kila alipoinuka alirudi kwenye njia ile ile, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Norton, aliyemsumbua Ali kwa jebu, yaani ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, alikuwa hodari akisonga mbele na hoi akirudishwa nyuma, na Foreman hakumwachia mtu yeyote nafasi ya kusonga mbele.

Ali hakuwa na kasoro ya Frazier wala ya Norton. Alimshika Foreman shingo, akampiga usoni kwa mkono wa kulia unaotangulia, jambo ambalo bondia hafanyiwi isipokuwa na mtu anayemdharau, kisha akaegemea kamba zilizolegea na kumwacha apige mikono na viwiko hadi nguvu zikamwishia katika joto lile. Katika raundi ya nane mkono wa kulia ulipompata, Foreman alizunguka akianguka, na Ali, aliyekuwa amekwisha kuukunja mkono kwa ngumi nyingine, alizunguka naye na hakuirusha. Ukiirudia filamu polepole utaiona ngumi hiyo imesimama hewani. Kwangu mimi ndiyo picha nzuri kuliko zote katika mchezo huu.

Kwa faida ya Mpwa Mbishi hapo juu, fundisho la Kingston lina matumizi mengine. Foreman wa 1973 dhidi ya Tyson wa 1988 ndilo pambano la kufikirika ambalo ninalijibu kwa kujiamini kuliko yote: Foreman, ndani ya raundi tano. Tyson angeingia kwa kuinama kama Frazier, na angekutana na mikono ile ile. Frazier mwenyewe alirudi kwa Foreman mwaka 1976 akijaribu ujanja mwingine, akafika raundi ya tano.

SWALI: Kwa heshima, Mhariri, mbona Rocky Marciano hatajwi? Mapambano 49, ushindi 49. Aliyeshindwa si anapaswa kukaa chini ya asiyeshindwa? Ni mimi, Msomaji wa Siku Nyingi.

JIBU: Marciano anastahili kutajwa, ila si kwa sababu uliyoitoa. Rekodi safi huonyesha uwezo wa bondia pamoja na hali ya wapinzani waliokuwepo. Alipompiga Joe Louis mwaka 1951, Louis alikuwa na miaka 37 na alikuwa akipigana kwa sababu ya deni la kodi. Alipomvua Jersey Joe Walcott mkanda mwaka 1952, Walcott alikuwa na miaka 38. Marciano hakuwachagua wazazi wake wamzae lini, kwa hiyo simlaumu, lakini 49 zake siwezi kuzilinganisha moja kwa moja na za mtu aliyepigana na Liston, Frazier, Norton na Foreman.

Kuna pia jambo la mizani. Marciano alipanda ulingoni akiwa na kilo kama 84 au 85. Wakati huo bondia yeyote aliyezidi kilo 79 na nusu aliitwa wa uzito wa juu. Leo mlango wa uzito wa juu unafunguka baada ya kilo 90.7, na chini yake kuna daraja la kruza ambalo zama za Marciano halikuwepo. Marciano, kama Jack Dempsey kabla yake, leo angekuwa bondia wa kruza. Kwa hiyo mpinzani wa haki kwake ni Oleksandr Usyk wa mwaka 2018, aliyeikusanya mikanda yote ya kruza kabla ya kupanda juu.

Na sasa tuulize raundi ngapi, kwani hapo ndipo utamu ulipo. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 mpaka miaka ya 1980, yalipopunguzwa kuwa 12 baada ya bondia Mkorea Duk Koo Kim kufariki kutokana na pambano la Novemba 1982. Hatua hiyo ilikuwa ya haki kabisa kwa afya za mabondia, lakini inabadilisha hukumu za historia. Walcott alimwangusha Marciano katika raundi ya kwanza na alikuwa akiongoza kwenye karatasi za majaji wote watatu, mpaka mkono wa kulia wa Marciano ulipompata katika raundi ya 13. Mwaka 1941 Billy Conn, mwepesi kuliko Joe Louis kwa zaidi ya kilo 10, alikuwa mbele kwa pointi baada ya raundi 12, akatamani kummaliza Louis, naye akaangushwa katika raundi ya 13. Ukizipeleka sheria za leo katika usiku huo miwili, Conn anaondoka na mkanda wa Louis, Walcott anabaki na wa kwake, na rekodi ya 49 kwa 49 haipo.

Kwa hiyo jibu langu lina sehemu mbili. Marciano na Usyk kwa raundi 12: Usyk kwa pointi, bila mjadala mrefu, kwa sababu ya miguu yake na kwa sababu hupigana kwa mkono wa kushoto. Kwa raundi 15, sitakuwa tayari kuondoka kitini kabla ya kengele ya mwisho.

SWALI: Kwa nini msiingize takwimu za mabondia wote katika kompyuta, ubishi ukaisha? Ni mimi, Kijana wa Teknolojia.

JIBU: Ilikwisha kufanyika, kijana, kabla hujazaliwa. Mwaka 1967 mtangazaji mmoja wa Marekani, Murray Woroner, aliendesha mashindano ya redioni kati ya mabingwa wa zama zote, matokeo yakipangwa na kompyuta. Mashine ilimtoa Ali mbele ya Jim Jeffries, bingwa wa miaka ya 1899 hadi 1905, na Ali, ambaye wakati huo alikuwa amefungiwa kupigana kwa kukataa kuingia jeshini, alikwenda mahakamani kulalamika kwamba jina lake limechafuliwa. Suluhu yake ilizaa jambo la ajabu zaidi: mwaka 1969 Ali na Marciano waliingia pamoja studioni wakapigana kwa kuigiza, raundi fupi fupi kwa makumi, huku zikirekodiwa namna kadhaa za kumalizika. Marciano alikuwa na miaka 45, alikuwa ameacha ngumi kwa zaidi ya miaka 13, alipunguza mwili kwa shida na kuvaa nywele za bandia. Alifariki katika ajali ya ndege mwezi Agosti mwaka huo huo, kabla ya filamu kuonyeshwa.

Ilipoonyeshwa Januari 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akimwangusha Ali katika raundi ya 13 (tena ile ile), na toleo jingine lililopelekwa Ulaya likampa Ali ushindi. Mashine ilikuwa moja na bondia ni wale wale. Sisemi kwamba kompyuta za leo ni za aina hiyo, lakini kompyuta hupokea tulichoipa. Tukiiambia kwamba Ali alishindwa na Norton bila kuiambia kwa nini, itatoa hesabu ya Mwalimu hapo juu, na itapoteza dau Kinshasa.

SWALI: Tuwe wakweli. Tyson Fury ana sentimita 206. Mabondia wa zamani wangekuwa watoto mbele yake. Ni mimi, Mrefu.

JIBU: Ukubwa una thamani yake, na bondia mkubwa anayejua ngumi, mfano wa Lennox Lewis au Wladimir Klitschko, angewapa shida mabingwa wengi wa kabla ya mwaka 1960, hilo sibishi. Ila majitu si kitu kipya. Jess Willard alikuwa na karibu mita mbili na kilo 111 Dempsey alipomwangusha mara saba katika raundi moja, Julai 1919, akiwa na kilo 85 tu. Nakubali kwamba Dempsey alisaidiwa na sheria za wakati ule, zilizomruhusu kusimama juu ya aliyeanguka na kumpiga mara anapoinua magoti kutoka sakafuni. Leo angeamriwa aende kwenye kona ya mbali, jambo ambalo alilisahau mwaka 1927 mjini Chicago, na Gene Tunney akapata sekunde za ziada za kupumua. Lakini na Fury mwenyewe alishindwa mara mbili mwaka 2024 na Usyk, mtu wa sentimita 191, urefu ule ule wa Muhammad Ali.

SWALI: Ni bingwa gani anayeonewa zaidi katika ubishi huu? Swali fupi, nakusihi jibu fupi. Ni mimi, Mvivu wa Kusoma.

JIBU: Larry Holmes. Alitawala kuanzia 1978 hadi 1985, alishinda mapambano 48 kabla ya kushindwa la kwanza, na jebu yake haikuwa na mfano katika uzito wa juu. Watu humkumbuka kwa mambo mawili yasiyo haki kwake: kwamba alimpiga Ali aliyekwisha, na kwamba Tyson alimwangusha Januari 1988, alipokuwa na miaka 38 na alikuwa hajapigana kwa mwaka mmoja na miezi tisa. Hakuna anayemkumbuka Holmes wa Septemba 1979, Earnie Shavers alipomtandika mkono wa kulia katika raundi ya saba akaanguka chali kama gunia. Aliinuka, akamaliza raundi hiyo, na katika raundi ya 11 akamsimamisha Shavers. Mlete Holmes huyo dhidi ya Tyson wa 1988, raundi 15, na mimi ninaandika jina la Holmes.